Mama Sweta na Pembe ya Ufukweni

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mama Asteria Mbwambo, afisa mipango miji wetu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025. Sweta yake ya kijani bado haijatangaza kama nayo inastaafu.

Kamati ya Bustani ya Ufukweni imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, walisema, mimi ndiye mjumbe pekee ambaye hajawahi kubishana na Mama Asteria. Ni kweli. Mimi ni mwakilishi wa wanafunzi, na kwa miaka miwili neno langu kubwa kikaoni limekuwa shikamoo. Nakiri pia kwamba nilianza kuuandika kwa Kiingereza cha shule, maana kwa Kiingereza aibu yangu hupungua. Ila nikaona Mama Asteria anageuka mtu wa kwenye swali la mtihani, nikachana karatasi.

Alizaliwa Chome, juu milimani, ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Mwaka 1991 alianza kazi Same mjini kama mchora ramani msaidizi, akiwa ndani ya sweta, na joto lote la Same halikufaulu kumvua. Alipohamishiwa huku bwawani Nyumba ya Mungu, wavuvi wakampa jina la Mama Sweta siku hiyohiyo. Ndivyo mtu asiyejua kuogelea hata kwenye beseni alivyokabidhiwa kupanga bustani ya ufukweni.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa benchi. Alilijenga mwaka wa ukame, la saruji, zuri, karibu kabisa na maji. Mvua zilipokuja bwawa likapanda, benchi likazama, na mpaka leo perege wamelikalia kuliko sisi. Mama Mwanaidi, muuza samaki, kila akimwona humuuliza, “Mama Sweta, wageni wako wa chini hawajambo?” Naye hujibu kwa uso mkavu kwamba hawajambo, na kuhusu kiti hawajaleta malalamiko.

Nadhani benchi hilo ndilo lililomfundisha kutazama mbali. Mpango anaotuachia ni wa miaka thelathini. Ukanda wa chini umeachiwa maji yaje na kuondoka yanavyotaka. Unafuata ukanda wa miti, na juu kabisa, pakavu, ndipo penye mabenchi, soko la samaki na uwanja wa watoto. Kazi yote itaisha mwaka 2054, yeye akiwa na miaka themanini na tisa. Ndiyo maana alidai kamati iwe na mwanafunzi. “Hawa ndio watakaokaa kwenye hivyo viti,” alisema. “Sisi tunawachagulia rangi tu.”

Lakini wasifu wa Mama Asteria bila siku ya pembe ni chai bila majani, kwa hiyo niisimulie.

Mwaka juzi mpango ulikaribia kupitishwa ukiwa na uzio. Kuna waliotaka ufukwe wote uzungushiwe, ng'ombe wa wafugaji wakatafute maji kwingine. Mama Asteria hakukubali, ila kila alipoitisha kikao wafugaji walikuwa malishoni na wavuvi walikuwa majini. Akaamua kuwaita kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kwao Upareni, ambapo pembe ikilia kila nyumba hutoa mtu na jembe. Akaja na pembe ya babu yake, akasimama ufukweni asubuhi, akapuliza kwa pumzi yote ya Chome.

Alichosahau ni kwamba hapa si Chome. Wavuvi walidhani mtumbwi umezama, wakaja wakipiga makasia kama wendawazimu. Wafugaji walidhani ng'ombe wameibwa, wakashuka mbio na fimbo na mikuki, Mzee Ledama akiwa mbele. Wauza samaki walikuja kuona nani kafa. Watu wote wakatimia, na jembe hapakuwa na hata moja.

“Mwizi yuko wapi?” Mzee Ledama akauliza huku akihema.

“Hakuna mwizi, mzee wangu,” Mama Asteria akajibu, pembe mkononi. “Nilitaka tupande miti.”

Mama Mwanaidi ndiye aliyeanza kucheka, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia. Mzee Ledama akachomeka mkuki ardhini. Akasema kwa kuwa amekimbizwa bure, harudi bure: achorewe hapohapo njia ya ng'ombe wake. Mama Asteria akainama, akaichora mchangani kwa ncha ya pembe. Wavuvi wakaisogeza kidogo isikanyage nyavu zao. Leo njia hiyo ipo kwenye ramani, imepinda vilevile, na uzio haupo.

Haupo kwa sasa. Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Kila vuli wananchi wenyewe wanatakiwa kupanda safu moja ya miti. Mwaka ukipita bila safu, mpango unarudi mezani kujadiliwa upya, na waliotaka uzio bado wana viti kwenye meza hiyo. Safu ya kwanza, mwaka jana, alituitia yeye. Ya pili ni Jumamosi, tarehe 8 Novemba, naye atakuwa Chome akipalilia maharage.

Kikao cha mwisho aliulizwa nani sasa atapuliza. Wakubwa wakatazamana. Yeye akaisukuma pembe juu ya meza mpaka mbele yangu.

“Mimi naona aibu, mama,” nikasema. Kikao kizima kikageuka, maana wengi hawakuwa wanaijua sauti yangu.

“Nani kakuambia uhutubie?” akasema. “Puliza tu, mwanangu. Watakuja, halafu wataongea wenyewe.”

Nimekuwa nikijifunza nyuma ya jiko. Mbuzi wa jirani wamehama. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, Jumamosi hiyo asubuhi mkisikia sauti kama ya ndama anayekabwa, hakuna aliyezama wala aliyeibiwa. Ni mimi. Njooni na majembe.

Mama Asteria, asante kwa njia iliyopinda, kwa kiti ulichonipa na kwa lile benchi la perege. Nenda salama kwenye ukungu wenu, ambako hatimaye sweta yako itapata kazi, na Mungu akujalie afya na vicheko. Mwaka 2054 ushuke utukague. Tutakuwa tumekuwekea nafasi pakavu.

Yudith Mrutu
Mwakilishi wa wanafunzi, Kamati ya Bustani ya Ufukweni