Profesa Ukifa-Kesho, Mwalimu wa Menejimenti

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake wa mwisho. Wasifu huu nausoma mimi kwa sababu wakubwa zangu wote wamegoma, wanasema watalia. Kana kwamba mimi ni jiwe.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa muuza vitambaa. Alikuwa kidato cha pili baba alipofariki ghafla. Duka lilifungwa mwaka huohuo, maana hakuna aliyejua mzigo ulikuwa unaagizwa wapi. Jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni.

Alipata shahada ya biashara mwaka 1981 na uzamivu mwaka 1992. Utafiti wake ulikuwa mmoja maisha yote: kwa nini biashara ya familia hufa na mwenyewe. Alizunguka madukani, akakalia magunia, akiuliza, "Ukifa kesho, nani anashika hapa?" Wengine walimtimua wakidhani ni mchawi. Wanafunzi wakambandika jina la Profesa Ukifa-Kesho, naye akawa analiandika mwenyewe ubaoni kila muhula ulipoanza.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, wifi yetu huyu. Alimchumbia kwa kumchorea muundo wa uongozi wa nyumba, wifi juu, yeye chini. "Mwongo mkubwa," wifi husema, "hapo chini hajawahi kukaa hata siku moja."

Na kweli, hakuwa mtu wa kuachia. Wasaidizi wake walibeba projekta, basi. Kufundisha yeye, kuhoji yeye, kusimamia wanafunzi wa uzamivu yeye. Figo zilipomlaza Februari, mkuu wa idara alikuja wodini kumbembeleza amtaje wa kumpokea.

"Nikitoka nitaendelea mwenyewe," akajibu.

Nikamwambia, "Kaka, si wewe unayewafundisha watu jambo hilihili?"

"Hujui kazi wewe," akasema, akageukia ukutani. Nilikasirika, na hadi leo nimekasirika.

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Kesho yake idara ililifuta somo lake, kwa kuwa hakuna wa kulishika. Mengi aliyoambiwa madukani alikuwa nayo kichwani, na leo tunayafukia.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake watatu. Ameacha pia wanafunzi wanne wa uzamivu, wale waliosimama kule nyuma. Jana chuo kiliwaambia waanze upya, kwa mada nyingine. Binti mmoja kati yao, aliyeitolea kazi hiyo ujana wake, amenishika mkono asubuhi hii akaniuliza, "Shangazi, profesa hakuacha neno lolote juu yetu?"

Nilitamani kumdanganya. Hakuacha, mwanangu. Hata moja.

Lala, kaka yangu, umechoka. Mwenyezi Mungu akupokee.