Mama Constance Nabintu Anaiaga Shule Aliyoipokea Ikiwa Tawi

Na Mwalimu Nkatha, Idara ya Biolojia

Baada ya miaka ishirini na mmoja ya kufundisha Durban, kumi na mitano kati yake hapa Overport, Mkuu wetu wa Shule, Mama Constance Nabintu, anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba 2025. Ametimiza miaka sitini na mitano, na sheria haibembelezwi. Tulijaribu. Tulimwombea kwa idara ya elimu abaki angalau hadi Novemba awaone watahiniwa wa mwaka huu wakimaliza, tukajibiwa kwa adabu kwamba haiwezekani. Kwa hiyo leo tumevaa vizuri, tumepika, na hatuna furaha.

Nimepewa ukurasa wa Kiswahili wa programu hii kwa sababu wazazi wetu wengi ni watu wa Kongo, na kwa sababu Mama Constance hupenda kusema kwamba Kiswahili changu cha Kenya kimenyooka mno, kama kimepigwa pasi. Chake kimechanganyika na Kifaransa, Kizulu na hasira. Tumeelewana hivyo hivyo.

Alizaliwa Bukavu, akafundisha hisabati huko mpaka vita vilipomtoa. Durban ilimpokea kama inavyotupokea wengi: akapata kazi ya kusuka nywele katika saluni moja mjini. Mwaka 2004 alikaa kwenye kiti chake Bi Clara Gumede, mkuu wa shule moja ya sekondari huko Berea. Akiwa katikati ya kusukwa, Bi Clara akamuuliza alikuwa akifanya kazi gani kwao. Wiki hiyo hiyo shule yake ilikuwa imepoteza mwalimu wa hisabati. Jumatatu iliyofuata Mama Constance akaingia darasani, akiwa na Kiingereza cha kuulizia bei ya mafuta ya nywele.

Kiingereza kilikuja, na urafiki ukaja nacho. Kila Ijumaa jioni wawili hao walikunywa chai ofisini kwa Bi Clara. Mmoja alirekebishwa matamshi, mwingine alifundishwa kupika sombe, mboga ya majani ya muhogo. Waliokuwepo wanasema sombe ya Bi Clara haikuwahi kulika, lakini Mama Constance aliimaliza kila mara.

Mwaka 2010 shule ya Berea ilifurika. Likafunguliwa tawi hapa Overport, ghorofani juu ya duka la mazulia, na Bi Clara akamtuma rafiki yake alisimamie kwa muhula mmoja. Muhula huo umefika mpaka leo. Shule ya Berea tuliiita Juu. Sisi tulikuwa Chini.

Anayeijua shule yetu ya sasa, yenye maabara yake na bustani yake, ni vigumu kumweleza maisha ya Chini. Maabara ilikuwa Juu. Maktaba ilikuwa Juu. Mitihani ya mwisho ilifanyiwa Juu. Mara mbili kwa wiki watoto walipanda kilima kwa mstari, mvua au jua, na Mama Constance alisimama katikati ya barabara penye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku, mkono mmoja juu, akizizuia taksi hata taa ikiwa ya kijani kwao. Madereva walimpigia honi, kisha wakamzoea, kisha wakaanza kumsalimia. Siku ya zawadi watoto wetu walikaa nyuma, na aliyeshinda alipewa cheti chenye jina la shule ambayo hakusoma ndani yake.

Wazazi ndio waliosema imetosha. Katika mkutano mmoja Bwana Apollinaire, fundi wa simu na mwenyekiti wa wazazi, alisimama akamwambia kwa Kiswahili cha kwao, ambamo "ndiye" ni "njo": "Mama Constance, batoto betu banachoka na kupanda ile mulima. Uende useme na Madame Clara. Wewe njo anakusikiaka." Walitaka tawi liwe shule ya sekondari ya umma inayojitegemea, na walimchagua rafiki wa Bi Clara kupeleka ujumbe.

Alikwenda siku ya Ijumaa, saa ya chai. Tunachojua ni kile alichotuambia mwenyewe, nacho ni kifupi. Bi Clara alisikiliza mpaka mwisho, akamkumbusha kwamba ni yeye aliyemtoa saluni, kisha akasimama kumfungulia mlango. Ijumaa iliyofuata hapakuwa na chai.

Mimi nilimkasirikia Bi Clara, na hasira hiyo haijaisha yote. Mama Constance hapendi nikisema hivyo. Hutukumbusha kwamba tawi lilipojitenga, shule ya Juu ilipoteza nusu ya wanafunzi wake na walimu wengi, na kwamba mtu aliyejenga kitu kwa jasho lake hawezi kukishangilia kinapokatwa vipande viwili.

Wazazi walipeleka maombi idara ya elimu, yakakubaliwa. Januari 2022 tukawa shule kamili, na Mama Constance akawa mkuu wake wa kwanza. Wiki ya kwanza maji yalikatika, kama kawaida ya Durban, naye akapiga simu Juu kuomba ruhusa ya kuwarudisha watoto nyumbani. Karani wa kule akamjibu kwamba ruhusa hiyo haiko kwao tena. Akaweka simu, akatutazama sote. "Eish! Kumbe ni miye njo chef, miye njo mukubwa." Tulicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia.

Jambo ambalo wengi wenu hamlijui ni hili. Kwa mama yake mzazi, kule Bukavu, mtoto aliyehama kwenda kujenga nyumba yake hakuondoka mikono mitupu. Mama alimpa kitu cha jikoni kwake, hata chumvi kidogo, alimpa kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kufanya hivyo alikuwa amemruhusu. Asubuhi ya siku tuliyofungua shule, Mama Constance alivaa kitenge chake kizuri, akapanda Berea peke yake kuomba kitu cha kuanzia nyumba. Hata kipande cha chaki. Aliambiwa Bi Clara yumo mkutanoni. Akasubiri kwenye benchi la wageni, kisha akashuka kuja kufundisha.

Alirudi muhula uliofuata, na uliofuata tena. Tukiona kitenge kile tulijua anakokwenda, na kila mara alirudi mikono mitupu. Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikamwambia chaki zimejaa dukani, nitanunua katoni nzima. Akaniambia: "Nkatha, haiko chaki njo natafuta."

Wakati huo huo kazi iliendelea. Matokeo ya kwanza ya kidato cha mwisho kwa jina letu yalitoka, na wazazi walicheza ngoma mpaka barabarani. Maabara ilijengwa. Kwaya ikashinda mara mbili. Kila sherehe Mama Constance alituma mwaliko Juu, na kila sherehe kiti kimoja cha mbele kilibaki kitupu. Mwisho wa mwaka 2023 Bi Clara akastaafu, na hapakuwa tena na ofisi ya kuendea.

Mwezi Juni mwaka huu tulisikia kwamba Bi Clara amelazwa. Mama Constance alikwenda hospitali akaambiwa wanaoruhusiwa kuingia ni watu wa familia. Akakaa kwenye korido hadi mwisho wa saa za kuwaona wagonjwa. Jumapili hiyo Bi Clara akafariki.

Walimu wote tulikwenda kumzika, tukakaa viti vya nyuma kanisani. Alipozungumza binti wa marehemu, alisema mama yake alijivunia watoto watatu na shule mbili. Nyumbani, alisema, mama yake alikuwa akizitaja kila mara, ya Juu na ya Chini, na matokeo ya Chini aliyasoma kwanza. Nilimtazama Mama Constance. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

Njiani kurudi alikaa karibu na dirisha mpaka tulipofika Overport. Ndipo akaniuliza sababu: "Sasa juu ya nini hakuniambiaka miye?"

Hakuchukua likizo. Alifundisha Jumatatu, akasahihisha madaftari, akawagombeza waliochelewa. Lakini tangu siku hiyo amekuwa mtu wa kuongea kidogo, na sisi tuliozoea sauti yake kutoka ghorofa ya pili tumeikosa kabla hajaondoka.

Zawadi tulimuuliza anataka nini. Tulifikiria saa, au tiketi ya ndege, ingawa Bukavu kwa sasa hakuendeki kwa ajili ya vita. Alikataa vyote. Kama mjuavyo, sisi nasi tumefurika, na tangu Januari tuna tawi letu mjini, vyumba viwili juu ya maduka ya simu, chini ya Mwalimu Gracieuse. Mama Constance alimwita Gracieuse mbele yetu sote, akamshika mkono, akatuambia: "Siku huyu atakuja kuomba njia, mumupe. Na mumuambie na mudomo kama munamupenda. Musingojee kanisa."

Tumekubali, Mama. Gracieuse ni shahidi.

Na kwa kuwa umetufundisha hivyo, hatungoji. Uko hapo mbele, umekaa, unasikia. Sisi watoto wako wa Chini, walimu, wazazi, na wale uliowavusha barabara mkono ukiwa juu, tunakuambia kwa mdomo: tunakupenda. Tunajivunia kwamba ulikuwa wetu. Umeruhusiwa kupumzika, nasi tunakuombea miaka mingi yenye afya na amani. Nenda salama.