Kompyuta Isiyoguswa na Kiumbe

Ifahamike kwa walimwengu wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba kompyuta iliyo salama kuliko zote duniani ni ya mwalimu mmoja wa hesabu. Hayo ni kwa mujibu wa mwalimu mwenyewe, aliyesimama ndani ya basi la asubuhi, amewapa mgongo walioketi, akimtambia fundi kompyuta aliyesimama mbele yake.

"Neno langu la siri lina herufi kumi na tisa, kaka. Mtihani wa kesho umo humo, na hauonwi na kiumbe!"

Fundi akacheka. "Hilo ni kufuli la mlango tu, dada. Mimi nikiipata mkononi, nafungua skrubu nne, nachomoa diski, naisomea kwenye mashine nyingine. Mafaili yenyewe umeyafumba, yasisomeke bila ufunguo wako?"

"Ya nini? Nani ataipata mkononi? Ile imeniganda kama kupe!"

Abiria wakaangua kicheko, na mwalimu akajiona mshindi.

"Haya," fundi akasema. "Sasa hivi iko wapi?"

Mwalimu akatazama mikono yake mitupu. Alipopanda, kama afanyavyo kila aliyekosa kiti, alimpa mkoba wenye kompyuta mtu aliyeketi ampakatie, bila hata kumtazama usoni.

Basi likasimama. Akageuka, akamkuta mwanafunzi wake, ndiye mimi, kompyuta i wazi mapajani.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema. "Mtihani sijauona, naapa. Ila jina la paka wako nimelijaribu mara tatu."