Gari la Umeme na Mibuni ya Xaveri

Kijiwe chetu kiko Mbinga mjini, mbele ya banda la baiskeli la Placidi, tunayemwita Injinia kwa kuwa hajawahi kukiri kwamba baiskeli imemshinda. Kahawa tunailima wenyewe, ila kuinywa tumejifunza majuzi, tangu soko huria liingie na bei ianze kucheza ngoma yake. Asubuhi ile Xaveri alikuwa ametuambia kwamba kesho anang'oa mibuni aliyoachiwa na marehemu baba yake. Serikali imeondoa ruzuku, mbolea haishikiki. Tukiwa bado tunatafuta la kumwambia, akafika Cuthbert, yaani Ripota, amekumbatia redio yake.

— Jamani, Ulaya kuna serikali inawachangia watu wake wanunue gari la umeme. Nimesikia kwa masikio haya.

Tukamsogelea.

— Inawachangia? akauliza Xaveri.

— Ruzuku, kaka. Ya gari.

— Na umeme linaupata wapi likiwa njiani? nikauliza.

— Betri hiyo, akadakia Injinia. Ikichoka unaianika juani kama hizi za redio. Sisi tungezianika kwenye vichanja vya kahawa.

— Tena halilii, akasema Ripota. Linapanda mlima kimya.

— Ndiyo maana wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Gari hulisikii, guu huna, akasema Injinia.

— Yaani lipande hadi Litembo, kuku wa njiani hata asishtuke? nikauliza.

— Hashtuki, akajibu Injinia. Na likiteremka kwenda Liuli, ule mteremko unalijaza umeme upya. Likifika ziwani limeshiba, unalichomeka nyumbani, kijiji kizima kinawaka taa. Haba na haba, Ripota.

Hakuna aliyebisha. Nilikuwa nayaona yale mataa, na nilitamani yawe kweli.

— Serikali hiyo inampenda mtu wake, akasema Xaveri taratibu.

Mama Hedwiga, aliyeshuka kwenye lori la Liuli na kapu lake la usipa, vile vidagaa vya ziwani, alikuwa amesimama anatusikiliza.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Hebu niulize. Hao Wazungu wanaolipiwa magari, si ndio wale waliokuja kuiambia serikali yetu iache kulipia mbolea?

Ripota akafungua redio. Ilikuwa inapiga muziki. Injinia akakumbuka kwamba ana tairi la kuziba.

Xaveri alitutazama mmoja mmoja, akasimama.

— Kesho sing'oi, akasema. Kwanza nipate wa kunijibu hilo.