Theluthi ya Mbwa

Bismillahi. Sogeeni, wanangu, nyote wawili. Wewe Khalidi kaa upande wa sikio hili linalosikia, na wewe Mwanahawa acha kuuficha huo mfuko, sanda nimekwisha kuiona. Umetoka Dodoma mjini na sanda kabla ya dawa, wala sikulaumu, mwenye haraka ya kurudi huja amejiandaa. Nisikilizeni na msinikatize, pumzi yenyewe ni ya kuazima.

Nyumba hii na shamba la juu gawaneni kama sheria ya dini inavyosema, sina la kuongeza. Lakini shamba la bondeni, lile la alizeti ambalo Khalidi umekwisha kumwonyesha mnunuzi nami bado napumua, hilo ni theluthi yangu, na theluthi mwenye kufa huiweka apendapo. Nimewawekea mbwa wangu saba. Msimamizi ni Marko, bwana mifugo, na karatasi iko kwa Shehe Abdulrahim, imeandikwa mbele ya mashahidi. Nuneni mpasuke, ndivyo ilivyo.

Najua hapa Kolo wanasema ujane umenipanda kichwani, na wanawake wa maulidi walikwisha kuacha kula chakula changu. Basi leo nasema nililolificha. Mwaka ule wa ukame, Khalidi ukiwa na miaka minane, mbwa wetu alikula kuku wa jirani. Baba yenu Shaaban, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kupima kila tendo, akasema kumuua ni dhambi, tumfunge juani kwenye nguzo ya zizi, tusimguse, akifa amekufa kwa amri ya Mungu. Tukaona tumepata njia. Siku tatu nilipita pale na ndoo kichwani nikienda kutawadha, na kila nilipopita alinitikisia mkia. Siku ya tatu wewe, mwanangu, ulimpelekea maji kwenye kikombe cha bati, nami nikakuzaba kofi, nikayamwaga mchangani mbele ya pua yake, nikakwambia huyu ni najisi, ukimhurumia utanajisika nawe. Akaulamba ule mchanga. Wewe hukulia, ulikaa chini ukamtazama mpaka akafa, na tangu siku hiyo sijakuona ukimhurumia kiumbe. Samaki hukunjwa angali mbichi, na aliyekukunja ni mimi.

Baba yenu alipofariki ndipo nilipookota yule mbwa jike mweupe mnadani, waya umezama shingoni, nyama imeota juu yake, funza wamejaa. Marko aliukata kwa koleo. Waya ule niliutambua, Khalidi, ulitoka kwenye uzio wako, na nilinyamaza. Nilimwosha kidonda kwa maji ya chumvi mwezi mzima, kisha mikono yangu nikaiosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa, na udongo Kolo haujaisha. Wakafuata wengine, aliyemwagiwa maji ya moto, aliyekatwa panga kwa kulala barazani kwa mtu, watoto wa mbwa waliofungwa kwenye kiroba wakatupwa korongoni. Wengine walinifia mikononi. Mmoja aliniuma, ndiyo maana vidole hivi viwili havikunjiki, na nilimlisha kwa mkono huu huu mpaka akaacha kutetemeka.

Juzi niliposhindwa kuinuka mkadhani na masikio yamekwisha. Nilikusikia, Khalidi, ukipiga kufuli banda la mbwa, kisha ukamwambia dada yako hapo ukutani, "Mimi sitawaua, nimefunga mlango tu." Nikamsikia baba yako mtupu. Jana walibweka kutwa. Leo tangu asubuhi nasikia kucha tu zikikwaruza mbao, na wewe Mwanahawa, uliyesikia yote, ulikuja kuniuliza hati ya shamba iko wapi.

Mwanahawa, utaniosha wewe. Usiwaite watu wengi. Radhi zangu chukua, ingawa hukuziomba, Mungu akupe watoto watakaokaa nawe bila kutazama saa.

Khalidi, sijakulaani, ulimi umekataa. Lakini radhi sijakupa, na unajua mtoto anayemzika mama bila radhi anachobeba. Chukua ndoo ya maji, ukafungue banda. Usimtume mtu, nataka mkono wako. Watakuogopa, weka maji, rudi nyuma, kaa chini usiwazidi kimo. Yule mweupe atakuja mwisho... mwache aje mwenyewe, usimshike shingo. Dirisha hili liacheni wazi. Nikisikia ndimi zao majini nitazitamka radhi zako, na dada yako awe shahidi.

Kosa ni langu, nilikufundisha mimi. Nisamehe na mimi... hapana, baadaye, baadaye. Mwanahawa, niinue kichwa kidogo. Huu mchana au giza?

Nenda, baba. Usitembee, kimbia, sidhani kama nitaweza kukungoja.