Mkalimani Aliyeitoa Siri ya Nchi Rafiki

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, aliyekuwa seremala. Mama yake alikuwa mshonaji. Aliyemfuata ziwa ni dada yake, na tangu utotoni wawili hao walikuwa chanda na pete.

Kipaji chake kilionekana mapema. Bibi yake mzaa mama hakujua lugha ya hospitalini, kwa hiyo mjukuu ndiye aliyekuwa akitumwa kumsemea. Siku moja bibi alipopimwa tumbo alifoka, "Mwambie huyu daktari mikono yake baridi kama chura!" Mtoto akageuka kwa adabu: "Bibi anasema ahsante." Daktari alimtazama bibi usoni, akaangua kicheko. Walipofika nje, bibi alimfinya sikio. "Maneno yangu usiyatie sukari," alimwambia.

Alimaliza sekondari mwaka 1972, akapata ufadhili wa kusoma lugha katika nchi jirani, ile tuliyozoea kuiita nchi rafiki. Mama mwenye nyumba alimofikia alimpenda kama mwanawe. Kwenye baridi ya kwanza alimfumia sweta. Mpaka mwisho wa maisha yake, marehemu hakumruhusu mtu yeyote awatukane watu wa nchi ile mbele yake.

Mwaka 1977 aliajiriwa wizara ya mambo ya nje kuwa mkalimani. Kiti chake kilikuwa nyuma kidogo ya bega la waziri, mahali ambapo kamera hazifiki. Alikaa kwenye karamu zisizo na idadi na akarudi nyumbani na njaa, maana wakubwa wakitafuna ndipo yeye anasema. Mkewe, mkunga aliyemwoa mwaka 1981, alimwekea sahani mezani na kumtania, "Bwana karamu, karibu ule." Walijaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Tarehe 3 Juni 1998, asubuhi, bomu lililipuka stesheni ya treni. Waliokufa walikuwa thelathini na wawili. Mmoja wao ni shemeji yake, mume wa dada yake, fundi umeme wa stesheni, aliyekuwa juu ya ngazi akibadilisha taa. Marehemu ndiye aliyeingia chumba cha maiti kumtambua. Alimtambua kwa mkanda wa vifaa vyake.

Miezi michache baadaye aliitwa kwenye kikao cha faragha. Mjumbe wa nchi rafiki alikiri kwamba kanali wao mmoja ndiye aliyewapa walipuaji nyumba na baruti. Waziri wetu akauliza, "Na tukiwatangazia wananchi?" Mjumbe akajibu, na marehemu akayatamka maneno hayo kwa kinywa chake mwenyewe: "Mtatangaza, lakini shambulio lijalo hatutawaonya. Mtajilinda wenyewe." Onyo lao lilikuwa limewahi kuokoa maisha ya watu wetu, na wote mle chumbani walilijua hilo. Wakakubaliana kunyamaza.

Jioni moja dada yake alimkuta jikoni.

"Kaka, wewe unakaa na wakubwa. Nani kamuua mume wangu?"

"Dada, hilo usiniulize."

"Simuulizi mtumishi wa serikali. Namuuliza mtoto wa mama yangu."

"Niliapa."

Dada alisimama, akaacha chai yake mezani. Kwa miaka mingi hakukanyaga tena nyumba hiyo, na wakikutana msibani alimpa mkono kama anavyompa mgeni.

Marehemu alistaafu mwaka 2008. Mwaka uliofuata familia za wafiwa, zikiongozwa na dada yake, ziliishtaki serikali zikitaka kuelezwa ukweli. Marehemu alikaa benchi la nyuma akisikiliza. Wakili wa serikali alipomwambia jaji kwamba serikali haina taarifa yoyote kuhusu waliohusika, alirudi nyumbani, akamwambia mkewe, "Kesho nasema." Mkewe akamjibu, "Basi nikupigie pasi shati."

Jaji alimwonya kwamba kiapo chake bado kinamfunga. "Najua, mheshimiwa," alisema. "Niliapa kutunza siri. Sikuapa kutunza uongo." Akasema yote, neno kwa neno. Alipotoka kizimbani, dada yake alimshika mkono, akaulilia mkono ule mbele ya askari.

Alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Nchi rafiki ilifunga ubalozi wake, na maonyo yakakoma. Mwaka 2011 bomu jingine lililipuka, safari hii kwenye foleni ya sinema. Waziri alisema redioni kwamba zamani habari kama hizi zilikuwa zikitufikia mapema. Marehemu alilisikia neno hilo gerezani, akakataa chakula.

Dada yake alikwenda kumtembelea. "Kaka, aliyetega ndiye aliyeua."

"Najua. Lakini aliyeiziba nchi masikio ni nani?"



Marehemu alipotoka gerezani, alikwenda kwa mwoka mikate aliyempoteza binti yake kwenye foleni ile. Mwoka mikate hakumkaribisha kiti.

"Ungenyamaza, mwanangu angekuwa hai."

"Huenda."

"Na dada yako je?"

"Angeendelea kutojua."

Yule baba alifuta unga mikononi. Kisha akasema, "Wewe ulijua nani kamuua shemeji yako. Wa mwanangu anajua nani?"

Marehemu alimjibu kwamba hajui, na ilikuwa kweli. Mwezi uliofuata mwoka mikate alifungua kesi yake mwenyewe. Marehemu alimpeleka kwa mawakili, akamsubiri nje. Kesi hiyo haijaamuliwa hadi leo.

Alitoka gerezani na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Mwaka jana mapafu yalizidiwa. Mkewe alimuuliza wodini kama angesema tena. "Nikimkumbuka shemeji, nasema," alijibu. "Nikimkumbuka yule binti, nafunga mdomo. Na wote wawili nawakumbuka kila siku." Alifariki tarehe 22 Februari, alfajiri, mkewe akiwa ameshika mkono wake.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na dada yake mpenzi. Mwoka mikate ametuomba tusimtaje miongoni mwa waliomsamehe. Tumeheshimu ombi lake. Amesimama kule langoni, na ametuambia atabaki mpaka kaburi lifukiwe.

Udongo umpokee taratibu, naye apate pumziko lake.