Ednah Biira na Albamu ya Bwera

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, Madamu Ednah Biira, fundi wa sauti na mtangazaji wa kipindi cha Jumamosi mchana, anastaafu baada ya kuitumikia redio yetu hapa Kasese kwa miaka ishirini na sita. Karibu sote tulimkuta kazini. Waliomtangulia wameshaondoka, na hivyo hakuna mwingine anayejua nyaya za jengo hili zinaelekea wapi. Tumemwomba atuchoree ramani. Amecheka tu.

Aliajiriwa kupokea wageni na matangazo ya vifo. Fundi wa wakati huo alipohamia Mbarara, Ednah alikuwa ameshazoea kumsaidia kubeba maiki makanisani na mikutanoni, akaachiwa kazi hiyo kwa muda. Muda huo haukuisha.

Baadaye aliomba saa moja ya Jumamosi mchana apige albamu za roki zilizorekodiwa jukwaani, mbele ya watu, toka wimbo wa kwanza mpaka makofi ya mwisho. Meneja wetu wa enzi hizo, marehemu Mzee Yowasi, alishangaa. "Ednah, watu ya hapa inataka kwaya na bei ya kahawa," alimwambia. "Hiyo kelele utapigia nani?"

"Nipe miezi mbili, mzee," akajibu. "Ikikataa, narudia kwaya."

Haukupita muda, mchimba chumvi mmoja wa Kabatoro akapiga simu kulalamika kwamba gita linalia kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Ednah hakubishana naye. Alimwomba avumilie wimbo uishe, kisha asikilize watu waliokuwa ukumbini. Jumamosi iliyofuata bwana yule akapiga tena. Alitaka kujua kwa nini watu wa nyuma walikuwa wakichelewa kupiga makofi. Ednah akatumia kipindi kizima kueleza kuwa sauti nayo husafiri, na kwamba rekodi ya kweli hukuonyesha ukubwa wa mahali hata ukifumba macho. Habari ya miezi miwili Mzee Yowasi hakuiulizia tena.

Tuliofanya kazi naye tunaujua msimamo wake. Albamu ya jukwaani inayofuata ile ya studio neno kwa neno, anasema, ni picha iliyopigwa kutoka kwenye picha. Yeye anatafuta pale ambapo mpiga ngoma amepunguza mwendo kwa sababu mwimbaji amechoka, au wimbo wa dakika tatu umefika tisa kwa kuwa watu wamekataa uishe. Makofi ya kubandikwa huyagundua mara moja. "Sikia hawa," alituambia siku moja, huku amekunja uso. "Wanashangilia kitu hawajaona."

Msimamo huo ulijaribiwa vikali miaka mitatu iliyopita, huko Bwera.

Walimjia vijana watatu Wakongo waliokimbia vita upande wa Beni na Butembo: Achille wa gita, Kule wa ngoma, na Alliance, mwimbaji wao. Kipindi cha Ednah kilikuwa kinavuka mpaka, na Achille alikuwa amekisikiliza tangu akiwa shule. "Madame, ni weye ulitufundisha hii makelele," alimwambia. "Sasa uturekodi." Walitaka albamu ya kupeleka kwenye tamasha la Fort Portal, wakichaguliwa wapate jina.

Jumapili moja baada ya misa, ukumbi wa parokia ulijaa. Ednah alitega maiki mbili jukwaani na mbili kwa watu. Wimbo wa nne ulihusu nyumbani. Alliance alimaliza ubeti wa kwanza vizuri, akaingia wa pili, na katikati ya neno sauti ikakatika. Katikati ya watu alikuwa amemwona Marie-Louise, mama yake mdogo, aliyemlea tangu utotoni. Walipotezana siku walipokimbia, na kila mmoja alikuwa ameambiwa kuwa mwenzake hayupo tena. Mama huyo alikuwa akiuza vitenge sokoni Mpondwe, na alikuja kwa sababu jirani alimwambia watoto wa kwao wanapiga muziki.

Kule hakuacha ngoma. Achille, asiyejua kilichotokea, akazungusha kipande kilekile cha gita. Kwenye rekodi inasikika sauti ya mwanamke ikiita jina la Alliance mara moja, kisha viti vinasukumwa na Alliance analia, kisha ukumbi unashika kiitikio wenyewe, kwa kuwa watu wa Butembo walikuwa wengi na waliujua. Alliance aliporudi kwenye maiki aliuanza wimbo upya kabisa, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuimba nayo.

Wiki hiyo walikuja studio kusikiliza. Achille alitaka Alliance aimbe tena ubeti wa pili, upachikwe mahali pake, watu wa Fort Portal wasidhani ni bendi ya kujifunza. Alliance naye alikuwa na lake kuhusu pale sauti ilipokatika.

"Ile fasi nilinyamaza, mukate," alisema. "Sitaki watu basikie nalia."

Nilikuwa mlangoni, nikamwona Ednah akivua vipokea sauti masikioni. Sijui kama amewahi kurekodi kitu alichokipenda kuliko hicho. Hata hivyo alimjibu kwa upole. "Kilio ni yako, mwanangu. Kukata, nitakata. Nitatoa wimbo mzima ukisema. Lakini kubandika, sitabandika."

Marie-Louise alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni. Aliomba wamrudishie kipande kile. Akasikiliza mpaka viti vikasukumwa. "Ile fasi ndio tulionana," alimwambia Alliance. "Munaikata juu ya nini?"

Alliance akamgeukia Ednah. Akamwambia aache kama ilivyo.

Fort Portal hawakuwachukua mwaka huo. Walisema rekodi ina kelele nyingi za watu, na Achille akanuna, akawa anapita barabara ya redio bila kusalimia. Wakati huohuo albamu ilikuwa inatembea bila kuombewa njia. Ilinakiliwa kwenye kadi za simu sokoni Mpondwe, ikapigwa kwa vinyozi wa Kinyamaseke, ikafika kwa madereva wa stendi ya Kasese. Wimbo ulioombwa zaidi kipindini ulikuwa ule wa nne. Watu walipiga simu kuuliza kama yule mama alimpata mtoto wake, na Ednah alikuwa akijibu kila mmoja kwamba ndiyo, wanaishi pamoja Bwera. Mwaka uliofuata Fort Portal waliwaita wenyewe, na Achille akaja ofisini na mkungu wa ndizi begani.

Madamu Ednah ametuachia mafundi wawili aliowafunza, Shamira na Nobert, ambao bado anawataka wapige makofi katika kila chumba, wasikie mwangwi wake, kabla ya kutega maiki. Yeye anarudi Kinyamaseke kwenye shamba lake la pamba. Jumapili ya kwanza ya Novemba bendi ya Alliance inapiga tena Bwera, na Nobert ndiye atakayerekodi. Ednah ameshasema atakuwa katikati ya ukumbi, pamoja na Marie-Louise, na kwamba anakusudia kupiga kelele.

Madamu, asante kwa masikio yako na kwa subira yako juu yetu. Mungu akupe afya, mvua za wakati wake, na Jumamosi nyingi za kusikiliza bila kazi mkononi.

Sylivia Masika, chumba cha habari, kwa niaba ya wafanyakazi wote